Somo la 6: Mwendo wa Watoto

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 33:12–17, Law. 12:1–8, Luka 2:22–24, Kut. 2:1–10; Kut. 7:7, Hes. 11:10–17; Rut. 4:13–17, 1 Sam. 1:19–24, 1 Fal. 19:3–8.

Fungu la Kukariri: Isaya 40:11. Kila mwanadarasa alikariri kama lilivyo katika Biblia yake.

Mtoto wa kwanza anapozaliwa, nyumba nzima humzunguka. Anapozaliwa wa pili, pongezi ni zile zile, lakini hali ya nyumbani ni nyingine. Safari hii kuna mtoto amesimama mlangoni, kidole mdomoni, akitazama mikono ya mama yake ikiwa imembeba mtu mwingine. Ana miaka miwili. Juzi yeye ndiye aliyekuwa mgongoni. Leo anaambiwa, “Wewe sasa ni mkubwa.”

Usiku kichanga huamka kila baada ya saa mbili au tatu kunyonya. Alfajiri, macho ya mama yakianza kufumba, mkubwa ameamka: anataka uji, anataka kubebwa, anataka kujua kwa nini yule mgeni haondoki. Baba amerudi kazini mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 na baba siku zisizopungua 3. Mama anayelima au kuuza mboga sokoni hana hata hizo.

Isaya anamwonyesha Mungu kama mchungaji, na katika fungu la kukariri anataja makundi mawili ndani ya zizi. Wanakondoo wanabebwa kifuani. Wale wanaonyonyesha hawabebwi, lakini hawakimbizwi. Mchungaji anapunguza hatua zake kwa ajili yao. Mungu anamwona mtoto, na anamwona pia anayemnyonyesha. Juma hili darasa litajifunza kwamba Mungu hutembea mwendo wa watoto, na kwamba anaiita nyumba na kanisa kutembea naye mwendo huo.

JUMAPILI
Yakobo Akataa Kukimbizwa

Soma Mwanzo 33:12–17. Esau alimwalika ndugu yake wasafiri pamoja. Yakobo alitoa sababu gani ya kukataa?

Esau alikuwa na wanaume 400 wasio na mzigo. Yakobo alikuwa na wake, wajakazi, mifugo inayonyonyesha, na watoto 12, wavulana 11 na Dina. Alikuwa amemtumikia Labani miaka 20, na 7 ya kwanza ilipita kabla hajaoa. Kwa hiyo watoto wote walizaliwa ndani ya miaka ipatayo 13, na Yusufu alikuwa bado mdogo sana. Msafara wa namna hiyo hauwezi kwenda kwa mwendo wa askari. Yakobo alimweleza ndugu yake kwamba wanyama wakiharakishwa kwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Esau atangulie, yeye atakuja nyuma taratibu, kadiri watoto watakavyoweza.

Msomaji makini ataona kwamba Yakobo hakufika Seiri kama alivyosema, bali aligeukia Sukothi. Huenda bado alimwogopa ndugu yake. Hata hivyo sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli, na Esau hakuipinga. Tena huko Sukothi alijijengea nyumba, na vibanda kwa ajili ya wanyama. Alisimama mahali ambapo wadogo wangeweza kupumzika.

Nyumba yenye kichanga na mtoto wa miaka miwili ina akina Esau wake wanaotaka iende haraka. Mama mkwe anauliza kwa nini vyombo vya jana havijaoshwa. Mume anauliza kwa nini chakula kimechelewa. Kiongozi wa idara anauliza ni lini dada atarudi kwenye kwaya. Mara nyingine Esau ni moyo wa mama mwenyewe, anayejilinganisha na jirani aliyeonekana shambani wiki ya pili.

Kutembea mwendo wa watoto maana yake ni kuamua kwamba baadhi ya mambo yatangoja. Nguo zisizopigwa pasi zinaweza kungoja. Mtoto mwenye njaa hangoji. Na hekima hiyo inaanza kabla ya ujauzito mwingine: Shirika la Afya Duniani hushauri wenzi wangoje angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mama kushika mimba tena, ili mwili wake upate nafuu na mtoto aliyepo apate nafasi yake. Mume na mke walizungumze jambo hilo pamoja, mbele za Mungu na kwa msaada wa mhudumu wa kliniki.

Nini kinachoikimbiza nyumba yako kuliko uwezo wa walio wadogo ndani yake? Ni kipi kati ya hivyo kinachoweza kungoja?

JUMATATU
Siku Arobaini

Soma Mambo ya Walawi 12:1–8 na Luka 2:22–24. Sheria hii iliathiri vipi maisha ya mama aliyejifungua?

Hesabu yake ni hii. Aliyezaa mtoto wa kiume alikuwa na siku 7, kisha 33, jumla 40. Aliyezaa wa kike alikuwa na siku 14, kisha 66, jumla 80. Katika muda huo hakupaswa kuingia patakatifu. Sheria ilihusu utakaso wa ibada. Haikusema kwamba kuzaa ni dhambi, maana Mungu mwenyewe ndiye aliyebariki uzazi tangu Edeni. Sadaka yake ilitimizwa katika Kristo, na hakuna mama leo anayepaswa kuitwa najisi kwa sababu amejifungua. Anayemtenga mzazi kwa neno hilo amerudisha kivuli baada ya mwili kuja.

Lakini liko jambo jema la kuangaliwa katika sheria hiyo. Katika jamii ambayo kila mkono ulihitajika shambani na kisimani, Mungu aliweka siku zilizohesabiwa ambazo zilimtambua mama kuwa mtu aliye katika hali ya pekee. Na wakati wa kutoa sadaka ulipofika, aliyeshindwa kununua mwana-kondoo alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Mariamu alileta sadaka hiyo ya maskini. Mwokozi aliingia hekaluni akiwa kichanga katika nyumba isiyomudu kondoo.

Jamii nyingi za Afrika Mashariki zinaijua arobaini. Mzazi hukaa ndani, hupikiwa uji na supu, na kule Kilimanjaro mtori wa ndizi. Palipo na imani za kuogopa pepo na kufunga hirizi, Mkristo ameitwa kuziacha. Palipo na mapumziko, chakula na mikono ya wengine, asione haya kuyapokea. Sayansi ya afya inakubali kwamba majuma sita ya kwanza yanahitaji uangalizi wa karibu. Mama anayetokwa damu nyingi, mwenye homa, kuumwa kichwa sana au degedege, na kichanga anayekataa kunyonya au anayepumua kwa shida, wapelekwe kituo cha afya mara moja. Maombi yaendelee njiani.

Linganisha Law. 12:8 na Luka 2:24. Je, kuna mama katika kanisa lako anayeona aibu kuleta mtoto wake kuwekwa wakfu kwa sababu hana nguo mpya wala cha kuwalisha wageni? Kanisa limwambie nini, na limtendee nini?

JUMANNE
Kaka wa Miaka Mitatu

Soma Kutoka 7:7, kisha Kutoka 2:1–10. Kwa kulinganisha umri wa ndugu hawa wawili, nani mwingine alikuwa mtoto mdogo katika nyumba hiyo?

Musa alikuwa na miaka 80 na Haruni 83 waliposimama mbele ya Farao. Basi Musa alipozaliwa, nyumba ya Amramu na Yokebedi ilikuwa na mtoto wa miaka mitatu. Kisa cha kisafina husimuliwa mara nyingi bila kumkumbuka. Kwa miezi mitatu kichanga alifichwa, na kilio chake kingeweza kuleta askari. Kila aliyewahi kuishi na mtoto wa miaka mitatu anajua kwamba mtoto wa umri huo hajui kunong’ona wala kutunza siri. Yokebedi alikuwa na hatari mbili za kunyamazisha, na alikuwa mtumwa katika nchi ya kigeni.

Mtoto wa umri huo akipata mdogo wake, mara nyingi hurudi nyuma. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Aliyekuwa akila mwenyewe hutaka kulishwa. Wengine humfinya kichanga wakidhani hakuna anayeona. Watu wazima huita hayo utundu au wivu, na fimbo huwa karibu. Lakini mtoto huyo hana maneno ya kuuliza anachotaka kuuliza: je, nafasi yangu bado ipo? Jibu lake haliko katika fimbo. Mama akiwa ananyonyesha, mkubwa aketi ubavuni pake asimuliwe kisa cha Biblia. Apewe kazi ndogo ya kuleta nepi au kanga, naye ashukuriwe. Kila siku zipatikane dakika chache ambazo kichanga yuko kwa mtu mwingine, na mkubwa ana mama yake peke yake. Akimwumiza mdogo, azuiwe kwa mkono ulio imara na sauti iliyo tulivu. Wala wawili hao wasiachwe peke yao.

Yapo pia mahitaji ya mwili. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika Pwani ya Dhahabu, nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika katika jarida la kitabibu kuhusu ugonjwa ambao Waga wa huko waliuita kwashiorkor. Kiswahili kimelipokea jina hilo kama kwashakoo. Kwa asili lilihusu ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Wenyeji walikuwa wameona kwa macho yao: kichanga anapochukua ziwa, mkubwa hubaki na uji mtupu. Katika baadhi ya nyumba zetu, mtoto wa namna hiyo akidhoofika majirani husema amebemendwa, na mama hubebeshwa lawama. Lawama haimlishi mtoto. Maharage, karanga, maziwa, yai, mboga na matunda humlisha. Apimwe kliniki kama mdogo wake anavyopimwa.

Habari za Haruni zina mwisho wa kutia moyo na wa kuonya. Katika Kutoka 4:14, 27, Mungu anasema Haruni atafurahi moyoni amwonapo mdogo wake, nao wanakutana na kubusiana. Yule aliyeachia nafasi yake nyumbani akawa kinywa cha mdogo wake. Lakini katika Hesabu 12 wivu unatokea tena, wazee hawa wakiwa na mvi. Malezi ya ndugu ni kazi ya miaka mingi. Tena hayafai kuanza kwa mtoto kusukumwa pembeni.

Ni maneno gani watu wazima humwambia mtoto mkubwa siku mdogo wake anapozaliwa? Ni yapi kati ya hayo yanayojenga, na ni yapi yanayomfukuza mtoto nafasini pake?

JUMATANO
Mzigo Usiobebwa na Mtu Mmoja

Soma Hesabu 11:10–17. Musa alitumia mfano gani kueleza uchovu wake, na Bwana alimjibuje?

Musa hakusema amechoka kama mfalme au kama jemadari. Alisema amechoka kama mlezi aliyeambiwa abebe kifuani mtoto anyonyaye, mtoto ambaye hakumzaa. Alilemewa hata akaomba kufa. Bwana hakumkemea kwa kukosa imani, wala hakumwambia ajikaze. Alimwagiza akusanye wazee 70 ili wauchukue mzigo pamoja naye. Ikiwa Mungu alijibu uchovu wa mlezi kwa kuongeza mikono, kanisa halina ruhusa ya kuujibu kwa kuongeza mahubiri.

Mkono wa kwanza ni wa baba. Paulo, katika Waefeso 5:28, 29, anasema mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe, aulishe na kuutunza. Mwili wa mtu ukiwa na jeraha, haungoji kuombwa ndipo uhurumiwe. Baba anaweza kuchota maji, kufua nepi, kumwogesha mkubwa na kumlaza, kumbeba kichanga alfajiri ili mama apate saa mbili za usingizi mfululizo. Mahali ambapo wenzake humcheka mwanamume anayefua, na akumbuke kwamba Bwana wake alijifunga kitambaa akaosha miguu.

Mkono wa pili ni wa jamaa. Soma Ruthu 4:13–17. Mama wa mtoto yupo, lakini ni Naomi anayemweka Obedi kifuani na kuwa mlezi wake, na majirani wanawake ndio wanaompa jina. Ruthu, mgeni kutoka Moabu, hakuachwa peke yake na mtoto.

Mkono wa tatu ni wa kanisa, hasa kwa mama aliye mbali na kwao, mjane, au aliyeachwa. Mgeni anayekuja kumwona mtoto, akapikiwa chai na kuondoka, amemwongezea mzazi kazi. Dorkasi wa Matendo 9:39 alijulikana kwa nguo alizozishona kwa mikono yake. Akina dada wa Dorkasi leo wanaweza kupanga zamu: mmoja analeta chakula kilichoiva, mwingine anafua, mwingine anamchukua yule mkubwa wakatembee hadi jioni. Saa moja ya namna hiyo ni huduma halisi.

Kama mama wa kanisani kwenu angejifungua leo, nani angejua kufikia kesho? Nani angekwenda, na angebeba nini?

ALHAMISI
Hana Abaki Nyumbani, Elia Apewa Mkate

Soma 1 Samweli 1:19–24. Hana alifanya nini safari ya kila mwaka ya Shilo ilipofika, na Elkana alimjibuje?

Hana alikuwa mwanamke wa maombi kuliko wengi. Hata hivyo alipokuwa akimnyonyesha Samweli hakupanda kwenda Shilo. Alingoja mtoto aachishwe ziwa kwanza. Elkana hakumtuhumu kwamba amepoa kiroho. Alimwachia afanye aliloliona jema, akamtakia Bwana alithibitishe neno lake. Ibada ya Hana katika miaka hiyo ilikuwa kumnyonyesha mtoto aliyemwahidi Bwana.

Mama wengi huumia kimya kimya. Zamani alikuwa na saa ya maombi alfajiri; sasa akipiga magoti analala hapo hapo. Sabato anafika wakati wa wimbo wa kufunga, au anakaa nje mahubiri yote akimfukuza mkubwa uani. Anaanza kufikiri kwamba Mungu ameondoka kwake. Na ajue kwamba sala ya sentensi moja, akiwa anampigapiga kichanga mgongoni saa nane ya usiku, hufika mbinguni. Kumbukumbu la Torati 6:7 linaweka mafundisho ya imani katika kulala na kuamka, na nyumba yenye watoto wadogo ina kulala na kuamka kwingi.

Soma 1 Wafalme 19:3–8. Mungu alimpa Elia nini kabla ya kusema naye juu ya kazi yake?

Nabii aliyeomba kufa chini ya mretemu alipewa usingizi, mkate na maji. Kisha usingizi tena na mkate tena. Malaika alitambua kwamba safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Ndipo, siku nyingi baadaye, yakaja mazungumzo kule Horebu.

Katika siku za kwanza mama wengi hulia bila kujua sababu, na hali hiyo hupita. Huzuni ikizidi majuma mawili, asipoweza kulala hata mtoto akiwa amelala, asipomfurahia mtoto, au akipatwa na mawazo ya kujiumiza au kumwumiza mtoto, huo ni ugonjwa unaotibika. Mawazo hayo yakija, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake. Asiambiwe kwamba ana pepo wala kwamba hana shukrani. Elia hakuambiwa hivyo.

Ni kwa njia gani kanisa lako linaweza kumfanya mama mwenye watoto wawili wadogo ajue kwamba kuchelewa kwake hakumpunguzii nafasi yake mbele za Mungu?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Ellen G. White alijua nyumba ya namna hii. Henry, mwanawe wa kwanza, alizaliwa mwaka 1847. Edson, wa pili, mwaka 1849. Kwa ajili ya kazi ya Mungu na kwa umaskini wa siku zile, Henry aliachwa kwa familia ya Howland huko Topsham, Maine, akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, akalelewa nao kwa miaka ipatayo mitano. Mama yake aliuhisi utengano huo kama dhabihu kubwa. Mwanawe wa nne, John Herbert, alizaliwa Septemba 1860, akafa Desemba mwaka huo huo, hajatimiza miezi mitatu. Aliyeandika sura za mama na mtoto katika kitabu cha The Ministry of Healing, kilichotolewa mwaka 1905, aliziandika akiwa mama aliyewahi kuacha mtoto na kuzika mtoto. Darasa linaweza kuzisoma sura hizo pamoja, likiwakumbuka pia wale ambao wamerudi kutoka hospitali na mikono mitupu.

Familia ya Howland haikuhubiri katika mikutano mingi, lakini mikono yao ilimbeba mtoto. Injili ilitangulia mbele kwa sababu kuna watu waliokubali kubaki nyuma, wakatembea mwendo wa Henry.

Maswali ya Kujadili

1. Baadhi ya watu husema, “Mama zetu walizaa kumi bila msaada wowote.” Je, ni kweli kwamba hawakuwa na msaada? Ni mikono gani iliyokuwapo zamani ambayo leo haipo, hasa mjini?

2. Darasani kuna wanaume wanaoona aibu kufanya kazi za nyumbani mbele ya majirani au wazazi wao. Mjadili kwa upole: aibu hiyo inatoka wapi, na Yohana 13 inasema nini juu yake?

3. Mtoto wa miaka miwili au mitatu akilia kanisani, nani huinuka? Darasa la watoto wachanga la Shule ya Sabato linawezaje kuwa pumziko kwa mama badala ya kuwa kazi nyingine?

4. Kabla ya kufunga darasa, tajeni nyumba moja yenye kichanga na mtoto mwingine mdogo katika eneo lenu, iwe ya mshiriki au ya jirani. Amueni nani atakwenda juma hili, siku gani, na kwa kazi ipi. Sabato ijayo darasa lianze kwa taarifa hiyo.